Mteja Akitaka Ukate Kichwa cha Mti

Masika yakikaribia, simu za mafundi wa miti huanza kulia. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Morogoro, maneno ni yaleyale: "Fundi, njoo unikatie mti wangu kichwa, umezidi urefu." Mteja hataki mti uondoke. Anataka kivuli kibaki, ila mwembe au mwarobaini uliopita paa urudi chini. Anaonyesha kwa mkono mahali pa kukata: matawi yote makubwa usawa mmoja, vibaki visiki vitupu vinavyotazama juu. Kwa fundi mwenye chenso ni kazi ya nusu siku, na hela iko tayari.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe unayepanda na kamba. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kazi hiyo ikatae, hata malipo yakiwa mazuri, hata kama mti ni wa mteja na ameutunza tangu ukiwa mche. Zipo nafasi chache ambapo kukata kichwa ni sawa, na nitazieleza. Nje ya hizo, fundi anayejua yatakayofuata na bado akakata amemwuzia mteja hatari kwa jina la usalama. Na asiyejua inabidi ajue, kwa sababu kuna watu wanaolala chini ya kazi yake.

Baada ya wewe kuondoka

Tafuta mjohoro uliokatwa kichwa miaka mitatu au minne iliyopita. Huhitaji kwenda mbali, viwanja vingi vya shule vinao. Weka ngazi, panda hadi kwenye kisiki kimoja, uangalie kwa karibu. Utakuta machipukizi yamekizunguka kisiki, marefu, yamenyooka, mengine yamefikia unene wa kifundo cha mkono, yote yamebanana kwenye ukingo wa jeraha. Shika moja kati ya yale membamba, ulivute kuelekea chini. Mara nyingi litabanduka pamoja na ukanda wa gome, na pale lilipokuwa limeshika utaona kuni nyororo tu, hakuna kilichoingia ndani. Sasa bonyeza katikati ya kisiki kwa ncha ya kisu. Kuni imepasuka na kugeuka kahawia, na kisu kinazama bila kugoma. Pengine mchwa wameshajenga njia zao za udongo humo.

Tawi la kawaida hukua pamoja na shina. Kila mwaka kuni ya tawi na kuni ya shina hufumana, tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana tawi la mwembe hubeba uzito mkubwa bila kutetereka. Chipukizi linalokuja baada ya kichwa kukatwa hutoka kwenye macho yaliyolala chini ya gome, kwa hiyo limeshikwa na tabaka za nje peke yake. Linakimbilia juu kwa sababu mti una njaa. Majani ndiyo yanayoulisha, mizizi ikiwemo, na wewe umeyaondoa karibu yote kwa siku moja. Mti unamwaga akiba yote iliyo shinani na mizizini ili upate majani mengine. Ukishindwa, unakufa polepole, na mteja atasema ulikuwa mgonjwa. Ukifaulu, ule urefu uliomtisha mteja unarudi ndani ya misimu michache, hasa kwa miti ya mbio kama mwarobaini, mjohoro na mkaratusi. Safari hii uzito wa juu umeshikiliwa na viungo dhaifu, na viungo hivyo vimekaa juu ya kuni inayooza. Kwa kuwa machipukizi ni mengi na yamebanana, yanakinga upepo kuliko matawi ya zamani.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitazami. Gome la matawi ya ndani lililokuwa kivulini maisha yake yote linajikuta juani kwa ghafla. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana, gome huungua, hupasuka na kufungua mlango wa pili wa ugonjwa.

Mtu aliyetufundisha sana kuhusu uozo huu ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006. Alipasua maelfu ya miti kwa chenso, kwa urefu, kuanzia kwenye kidonda kwenda ndani, ili aone uozo umesafiri vipi. Aliyoyaona yalibadilisha kazi yetu. Mti hauna uwezo wa kurudisha kuni iliyooza iwe nzima. Unachofanya ni kuizungushia ukuta, kisha kuendelea kukua kwa nje. Pale tawi linapotoka kwenye shina, ukuta huo una msingi tayari. Katikati ya tawi hakuna msingi wowote, na kukata kichwa ni kukata katikati ya matawi, tena matawi makubwa kuliko yote. Ndiyo maana viwango vya Marekani vya kupogoa, ANSI A300, na kile cha Uingereza, BS 3998, havikubali kukata kichwa kuwa njia ya kupogoa.

Kwa mnazi na jamii yake maelezo ni mafupi. Mnazi una ncha moja tu ya kukulia. Ukiikata umeua mnazi. Mipaina nayo haichipui kutoka kwenye kuni nzee, kwa hiyo ukiipunguza hadi pasipo na majani usitegemee kitu.

Mti ni wake, hatari ni ya nani?

Mteja atakuambia mti ni wake. Ni kweli, na haki yake ni kubwa: anaweza kutaka mwanga zaidi, anaweza kuchagua mti ubaki au uondoke kabisa. Lakini tawi litakalobanduka mwaka wa nne halitachagua kumwangukia yeye. Pengine atakuwa ameshauza nyumba. Chini ya mti kutakuwa na mpangaji, au mtoto wa jirani anayeokota maembe, au mama aliyeweka meza yake ya maandazi pale kwa kuwa pana kivuli. Hawa hawakuwepo mlipokuwa mnapatana bei, na hakuna aliyewauliza. Ridhaa ya mteja inatosha kwa mambo yanayomhusu mteja. Kuning'iniza hatari juu ya vichwa vya watu wengine hakumo katika mambo hayo, na mkono utakaoining'iniza ni wako.

Halafu yeye amekuita wewe kwa kuwa hajui. Anachojua ni kwamba upepo ukivuma usiku moyo unamdunda. Anakupa suluhisho alilowahi kuliona kwa jirani, na analisema kama agizo kwa sababu ndivyo tunavyozungumza na mafundi. Ukilipokea kama agizo umemwacha peke yake na ujinga ambao wewe huna.

Najua jibu lililo mdomoni mwako: nikikataa atamwita mwingine. Mara nyingine atamwita kweli. Kwa mtu anayetafuta chakula cha watoto kwa kazi ya leo, kupoteza mteja ni jambo zito na silidharau hata kidogo. Ila tawi likianguka, swali la kwanza mtaani huwa ni nani aliukata mti huu, na jina litakalotajwa afadhali lisiwe lako. Na ukweli ambao mafundi wazoefu wanaujua ni kwamba wateja wengi hawashikilii kichwa kikatwe. Wanashikilia shida yao iondoke. Fundi anayesema "hapana" na kushika njia anapoteza kazi. Fundi anayesema "hapana, ila nitakufanyia hivi" mara nyingi anaipata.

Anza kwa kuuliza

Usipande ngazi, usitaje bei, usianze somo la kuni na uozo. Salimia, uzunguke mti mara moja, kisha uliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Mti wenyewe huu. Nataka ukate pale, usawa wa paa."

"Nimeuona, mama. Unakusumbua nini hasa?"

"Unanitisha. Upepo ukija naona kama unaniangukia."

"Ukiwa ndani usiku, unaogopa upande gani?"

"Lile tawi lililolala juu ya jiko. Linakwaruza mabati, silali."

Kazi imeshabadilika. Ulikuja kukata kichwa cha mti mzima, sasa una tawi moja la kushughulikia na pengine makavu mawili matatu ya kuondoa. Mwonyeshe kwa kidole, mwulize kama hilo likiondoka atalala. Usimkatishe tamaa kwa kusema woga wake hauna msingi, kwa sababu mara nyingine unao. Kagua shina chini kabisa: udongo umeinuka upande mmoja? Kuna uyoga kwenye mizizi? Kuna ufa pale shina linapogawanyika mara mbili? Mti ulioanza kulala karibuni ni habari tofauti na mti uliokua umeinama tangu zamani. Ukikuta dalili hizo, hakuna kupogoa kutakakousaidia, na kuukata kichwa ni kumdanganya mtu aliye hatarini. Mwambie uondolewe, mapema.

Kama mti ni mzima na tatizo ni upepo, kazi yako ni kuondoa makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana, kisha kufupisha machache yaliyorefuka kupita wenzake. Kufupisha si kukata popote. Unafuata tawi hadi kwenye tawi dogo linalotoka kwake, unakata hapo, na lile dogo linachukua kazi ya kuwa ncha. Liwe na unene usiopungua theluthi ya unene wa lile unaloliondoa. Likiwa jembamba zaidi ya hapo litashindwa, na utapata machipukizi yaleyale. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti, na mti mzee hata hiyo robo ni nyingi. Ukimaliza vizuri, jirani akipita ataona mti umepungua bila kujua umekatwa wapi.

Anayelalamikia giza ndani, kivuli kwenye paneli za sola au dishi la king'amuzi anahitaji matawi ya chini yaondolewe au dirisha moja lifunguliwe kati ya matawi upande unaohusika. Mara nyingine ni rahisi zaidi kuhamisha dishi. Majani kwenye mifereji ya paa na kwenye tangi la maji ni suala la wavu na kufagia. Mti uliokatwa kichwa utadondosha majani mengi zaidi ukishachipua. Popo wanafuata matunda, na mwembe au mkungu uliokatwa kichwa utakosa matunda kwa muda, lakini mwenye mti naye atakosa. Mwembe huzaa kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukiondoa ncha zote umeondoa msimu huu na pengine miwili inayofuata. Mwambie mteja hilo kabla, maana wengi wanapenda maembe yao kuliko wanavyochukia popo.

Waya wa umeme ni mpaka ambao hupaswi kuuvuka. Tawi likiwa karibu na laini, shuka, umwelekeze mteja kwa TANESCO, ZECO kama uko Zanzibar, au Kenya Power. Kamba iliyolowa na tawi bichi vinapitisha umeme, na hakuna bei inayolipia hilo.

Jambo la mwisho kabla ya kukubali: jua mti ni wa nani. Mpangaji hana mamlaka ya mwembe wa mwenye nyumba. Mti ulio nje ya ukuta, kando ya barabara, si wa mteja hata kama kivuli chake kinaangukia kwake. Peleka swali ofisi ya serikali ya mtaa au kaunti, na uulize kibali kabla ya msumeno. Watu wanaijali miti ya barabarani kuliko tunavyodhani. Novemba 2020, pale Waiyaki Way jijini Nairobi, mugumo mkubwa uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu uliachwa baada ya wananchi kupaza sauti.

Mkono wenyewe

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Likianza kuanguka kabla hujamaliza, litachana gome la shina hadi chini, na kidonda hicho mti utakibeba maisha yake yote. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka shinani, uingie kiasi cha theluthi au hadi msumeno uanze kubanwa. Wa pili uwe juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi litakatika na kuanguka bila kuchana kitu. Kilichobaki ni kisiki chepesi unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, na mkato wa tatu ndio wenye thamani. Tazama mahali tawi lilipotokea: juu kuna mkunjo wa gome, chini kuna uvimbe mdogo. Kata nje tu ya uvimbe huo. Ukikata ndani umeondoa ule ukuta alioueleza Shigo. Ukiacha kisiki kirefu, hakitafunikwa, kitaoza kuelekea ndani.

Mteja ataleta rangi, au oili chafu, au atataka tundu lijazwe saruji. Kataa kwa upole. Rangi haizuii uozo, na saruji inasuguana na kuni kila mti unapoyumba. Jeraha safi lililo mahali pake linatosha.

Nafasi ambazo kukata juu ni sawa

Nyanda za juu za Kenya wakulima hukata migrevilea yao kwa kuni na fito, tangu miti ikiwa michanga, wakirudi mara kwa mara. Mti unazoea, majeraha ni madogo, na hakuna anayelala chini yake. Mjohoro wa kuni uliokatwa chini na kuachwa uchipue ni hivyohivyo. Mwembe mzee wa kienyeji unaokatwa ili ubebeshwe aina nyingine una mpango: mkulima atachagua machipukizi, atayabebesha, ataondoa mengine. Mti uliovunjwa juu na dhoruba, kama ilivyotokea pwani ya Tanzania wakati wa Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024, unaweza kukuachia chaguo dogo, na unakata kilichovunjika ili watu wawe salama kwanza. Mti mkavu ulio mbali na nyumba na njia unaweza kupunguzwa urefu na kuachiwa ndege. Katika yote haya kuna mtu atakayerudi kuutazama mti, au hakuna mtu wa kuumizwa. Mwembe wa uani Kinondoni hauna sifa hizo.

Na ukiona mti ni mkubwa kupita eneo lake, mkaratusi umepandwa hatua tatu kutoka ukutani, sema wazi kwamba hapa pa kuukata ni chini. Ukiuondoa mti wote kwa kibali na kupanda mwingine unaofaa, mstafeli au mkomamanga, umemtendea mteja haki kuliko kumwachia gofu linalochipua na kuoza kwa miaka kumi. Wengi husita hapo, wanaona kukata kichwa ni huruma kwa mti. Mweleze kwamba mti huo huo utauawa kwa awamu, naye atalipa kila awamu.

Kuhusu bei, usijipunje. Kupogoa kwa kuchagua kunachukua muda mrefu kuliko kukata kichwa, na ukitoza sawa utajikuta unaharakisha. Andika kwenye karatasi matawi gani yataondolewa, nani anabeba takataka na kuni ni za nani, mteja asaini. Mtajie na gharama ya njia aliyoitaka: si ya leo pekee, ya kila miaka miwili mitatu utakapolazimika kurudi kupunguza machipukizi. Wengi hupiga hesabu wenyewe pale pale. Akibaki na msimamo wake, mshukuru, mwachie namba yako, uondoke bila maneno makali.

Baadhi watapiga tena, baada ya mwenzako kukata na mti kuwa kichaka. Nenda. Mti uliokatwa kichwa mara nyingi unaweza kusaidiwa ikiwa shina ni zima. Mwaka wa kwanza ondoa machipukizi yaliyokufa, dhaifu na yanayosuguana, theluthi hivi, huku ukiacha majani ya kuulisha mti. Mwaka unaofuata chagua kwenye kila kisiki moja hadi matatu yaliyoshika vizuri na yaliyo mbalimbali, na uanze kuyafupisha yaliyobaki ili yasishindane nayo. Mwaka wa tatu ondoa hayo ya ziada, na kisiki kilichooza kikatwe hadi karibu na chipukizi lililochaguliwa. Patana malipo ya ziara zote tatu siku ya kwanza, kwa maandishi, na mwambie mteja asiruhusu mtu kuweka meza chini ya mti hadi umalize.